Mteja anauliza bei, tovuti inamjibu dira na dhamira

Fungua tovuti ya kampuni ya wastani ya Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, na mara nyingi utakuta mpangilio uleule. Juu kuna picha tatu au nne kubwa zinazopishana zenyewe: jengo la vioo ambalo si la kampuni hiyo, watu wa nchi nyingine waliovaa suti wakipeana mikono, dunia iliyozungukwa na nyuzi za mwanga. Chini yake kuna maneno ya kukukaribisha, halafu ujumbe wa Mkurugenzi Mtendaji, halafu dira, dhamira na maadili ya msingi. Bidhaa zimetajwa kwa makundi tu. Bei hakuna. Namba ya simu ipo, lakini imeandikwa ndani ya picha ya tangazo, kwa hiyo ukiibonyeza haipigi, na ukitaka kuinakili haikubali.

Aliyeijenga tovuti hiyo mara nyingi ni kijana anayeijua kazi yake. Tatizo lilianza kabla yake, siku mwenye kampuni alipoulizwa anataka nini, akaeleza anavyotaka kuonekana. Basi tovuti ikajengwa ili bosi akiifungua kwenye kompyuta ya ofisini, kwa Wi-Fi ya ofisini, aridhike, na akiwaonyesha wenzake waridhike pia. Mteja hakuwepo kwenye kikao hicho na hakuna aliyemsemea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tovuti nyingi za biashara za Afrika Mashariki zinapoharibika, na hakuna rangi wala programu itakayoziokoa baadaye.

Tumchukue mteja mmoja, maana ukimwangalia mmoja vizuri utajua tovuti inatakiwa kufanya kazi gani. Ni mama anayejenga Chanika, pembeni ya Dar es Salaam. Kuta zimekamilika, kenchi zimeshapigwa, na fundi wa paa amemwandikia mahitaji kwenye kipande cha karatasi: bati za msauzi geji 30, za mita tatu, idadi yake, pamoja na kofia na misumari. Mama amesimama saiti, juani. Mkononi ana simu ya Android ya bei ya kawaida, na bando limebaki kidogo. Anataka kujua mambo manne: mnazo, bei gani, mko wapi, na nikilipa leo mzigo unafika lini.

Mpe sasa ile tovuti yenye picha zinazopishana. Sekunde kumi za kwanza anaangalia ukurasa mweupe. Jengo la vioo linatokea nusu. Anashusha kwa kidole, maandishi yanaruka kwa sababu picha nyingine imeingia juu yake. Anafungua menyu, ambayo yote ni ya Kiingereza, anabahatisha, anafika kwenye ukurasa wa mabati na kukuta aya mbili kuhusu ubora wa kimataifa, na chini yake kitufe cha kuomba bei. Anakibonyeza, inafunguka fomu: jina kamili, kampuni, cheo, baruapepe, nchi, kichwa cha ujumbe, ujumbe. Baruapepe alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, haikumbuki. Anafunga. Anampigia shemeji yake aliyeezeka mwaka jana, anaelekezwa duka la Buguruni, na biashara inaishia huko.

Duka la kwanza lilikuwa na bati, na huenda bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya Buguruni. Mwenye duka hatajua kamwe kwamba siku hiyo alimpoteza mtu. Dukani ukimpoteza mteja angalau unamwona akivuka barabara kwenda kwa jirani. Mtandaoni huoni kitu, na ndiyo maana tovuti mbaya inaweza kukaa hewani miaka mitano huku mwenyewe akiamini kwamba Watanzania hawanunui mtandaoni.

Tuanze na bei, kwa sababu ndilo swali analokuja nalo karibu kila mteja, na ndilo jibu linalofichwa kuliko yote. Tumeichukua tabia ya Instagram ya "bei njoo inboksi" tukaihamishia kwenye tovuti. Wafanyabiashara wanaitetea kwa hoja zinazostahili kujibiwa kwa heshima, maana wanazijua biashara zao. Wanasema washindani wataona. Wanasema bei zinabadilika kila wiki kufuata dola na mzigo uliopo bandarini. Wanasema pia kwamba mteja akija mwenyewe tukazungumza, nitamuuzia na vingine ambavyo hakuvipanga.

Hoja ya washindani naiona dhaifu. Mtaa wa Kongo au Narung'ombe, Kariakoo, kila mwenye duka anaijua bei ya jirani yake. Akiwa na shaka anamtuma kijana akaulize kama mteja, na baada ya dakika tano ana jibu. Kwa hiyo anayefichwa bei ni yule mwenye pesa ya kununua, peke yake.

Hoja ya kubadilika ina uzito zaidi, ila dawa yake ni rahisi: weka tarehe. Hakuna bidhaa ambayo bei yake inafuatiliwa kwa wasiwasi kama mafuta, na bado EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, inatangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na wananchi wote wanaelewa kwamba mwezi ujao zitakuwa nyingine. Kenya nayo EPRA, mamlaka yake ya nishati na petroli, inatoa zake kila tarehe 14. Duka la bati linaweza kuandika "bei za wiki hii" na tarehe chini yake, na kijana wa kaunta akapewa kazi ya kuzibadilisha kila Jumatatu asubuhi kwa simu. Ukishindwa kutaja bei kamili kwa sababu kazi zinatofautiana, kama za mwenye gereji au mpiga picha wa harusi, andika inaanzia shilingi ngapi, na useme ni nini kinachoipandisha. Mteja akishajua yuko kwenye bei inayomfaa, atapiga simu. Akijua hayuko, umeokoa muda wako na wake.

Kuhusu kumtaka mteja aje tuzungumze na kupatana, sisi wenyewe tuna msemo unaomaliza ubishi huo, na umeandikwa kwenye matangazo ya viwanja, magari na makochi nchi nzima: maongezi yapo. Bei iliyoandikwa haijawahi kumzuia mtu wa huku kuomba apunguziwe. Inampa pa kuanzia.

Halafu kuna uzito wa kurasa, na hili lina historia ya kusikitisha ambayo kila anayeagiza tovuti angepaswa kuijua. Novemba 1999 duka la mavazi la mtandaoni lililoitwa Boo.com lilifunguliwa London na Waswidi watatu, Ernst Malmsten, Kajsa Leander na Patrik Hedelin. Waliowekeza walikuwa watu wazito, akiwemo Bernard Arnault, tajiri wa bidhaa za kifahari wa Ufaransa. Tovuti ilikuwa na nguo za kuzungusha na kuzitazama kila upande, ilikuwa na mhudumu wa kuchorwa aliyeitwa Miss Boo, na ililenga kuuza katika nchi 18 kwa wakati mmoja. Lakini watu wengi majumbani walikuwa wakiingia mtandaoni kwa laini ya simu ya mezani, kwa modemu ambayo kwa kasi yake ya juu, kilobiti 56 kwa sekunde, ilihitaji zaidi ya dakika mbili kushusha megabaiti moja. Wateja walikaa wakisubiri koti lizunguke. Wengi hawakusubiri. Tarehe 18 Mei 2000 kampuni ilifungwa, ikiwa imeshatumia takriban dola milioni 135. Yapo mengine yaliyoiua, matumizi ya kifahari na kufungua nchi nyingi kwa pupa, lakini la tovuti nzito mteja alilihisi siku ya kwanza.

Waliojenga Boo walikuwa na vipaji, na mengi waliyoyaota yako leo kwenye maduka makubwa ya mtandaoni duniani. Kosa lao ni kwamba walimjengea mteja mwenye mtandao wa miaka kumi baadaye. Sisi tunalirudia kosa hilohilo kwa kumjengea mteja mwenye mtandao wa ofisi yetu.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu nzuri huwa na megabaiti nne hadi sita. Wapo wanaozipakia vilevile zilivyo, tano au sita kwenye ukurasa mmoja. Tuseme, kwa kupunguza makali, ukurasa umeishia kuwa na megabaiti 8, ambazo wala si nyingi kwa niliyoyaona. Kwa mtandao wa megabiti mbili kwa sekunde, yaani robo ya megabaiti, ambao ni hali ya kawaida ukiwa ndani ya jengo la zege au pembeni ya mji, huo ni muda wa sekunde 32. Picha zilezile zikipunguzwa vipimo vyake na kuhifadhiwa kwa WebP, aina ya faili ambayo Google iliitoa 2010, kila moja inaweza kushuka chini ya kilobaiti 100 bila mnunuzi wa bati kuona tofauti. Ukurasa mzima ukawa na kilobaiti 400, na ukafunguka kwa sekunde mbili hivi. Kazi ya kupunguza picha ni ya nusu saa, na programu za kuifanya ni za bure. Sijui jambo jingine katika tovuti lenye faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Nasisitiza pia kwamba megabaiti hizo analipia mteja kwa bando lake. Kumfungulia mtu picha ya jengo lisilo lako kwa pesa yake ni kumkosea adabu.

Google wenyewe wameweka vipimo ambavyo mwenye biashara anaweza kumdai fundi wake. Kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Mtu akibonyeza, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200. Na vitu visirukeruke wakati wa kupakia, ule mchezo unaomfanya mtu alenge kitufe cha kupiga simu akajikuta amebonyeza tangazo. PageSpeed Insights, chombo chao cha bure, kinapima mengi ya hayo kwa kubandika anwani ya tovuti tu. Fanya kipimo hicho kabla hujamalizia malipo ya fundi, na usome matokeo ya upande wa simu, si ya kompyuta. Google ilitangaza 2016 kwamba itazipima na kuziorodhesha tovuti kwa kuangalia sura yake ya simu kwanza, na zoezi hilo lilikamilika 2023. Maana yake ni kwamba ile sura ya kompyuta ambayo bosi anaipenda siyo inayoamua kama utaonekana watu wanapotafuta.

Utaalamu wa kufanya ukurasa mmoja ujipange wenyewe kulingana na ukubwa wa kioo si mgeni, mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliuandikia makala mwaka 2010 na tangu hapo umekuwa kawaida ya kazi. Lakini kujipanga peke yake hakutoshi. Mama wa Chanika yuko juani. Herufi za kijivu kwenye weupe, zinazopendwa sana kwa kuonekana za kisasa, juani hazisomeki. Kanuni za kimataifa za tovuti zinazofikika na kila mtu, WCAG, zinataka herufi za kawaida zitofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo iliwekwa kwa kuwafikiria wenye uoni hafifu, na inamfaa kila anayetumia simu barabarani saa saba mchana. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba, na viachane.

Anayedhani tovuti nyepesi yenye maandishi meusi kwenye weupe inaaibisha kampuni aitazame GOV.UK. Serikali ya Uingereza iliizindua Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya tovuti zake kuu za awali, Directgov na Business Link. Haina mapambo. Kanuni yao ya kwanza ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, na walikuwa radhi kufuta kurasa nyingi ambazo idara zilizipenda lakini hakuna mwananchi aliyezihitaji. Mwaka 2013 tovuti hiyo ikapewa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka na Jumba la Makumbusho ya Ubunifu la London, mbele ya majengo na mitambo. Naamini tuzo ile ilienda mahali pake. Kuondoa ni kazi ngumu kuliko kuongeza, hasa pale kinachoondolewa ni picha ya mkurugenzi.

Lugha nayo inahukumiwa kwa swali lilelile: anayenunua ni nani? Hoteli ya Nungwi, Zanzibar, inayopokea Waitaliano iandike Kiitaliano na Kiingereza, na iandike vizuri. Muuzaji wa vipuri wa Lubumbashi ana wateja wa Kifaransa na wa Kiswahili, aweke vyote. Lakini duka la bati la Dar es Salaam, chuo cha udereva cha Dodoma, kiwanda cha tofali cha Morogoro, kwa nini viwaandikie wateja wao Kiingereza? Mteja anapatana kwa Kiswahili, analipa kwa Kiswahili, akidhulumiwa atalalamika kwa Kiswahili. Kuna faida ya moja kwa moja pia. Mtu anayetafuta huandika kama anavyosema, "bei ya bati geji 30 mita 3", na kama maneno hayo hayamo kwenye ukurasa wako kama maandishi halisi, mtambo wa kutafuta hauna sababu ya kukuleta. Orodha ya bei iliyopigwa picha na kubandikwa haisaidii sana hapo, na kwa kipofu anayesomewa na simu yake haisemi lolote. Wala usimwachie mashine ikutafsirie ukurasa halafu ukauchapisha bila kuusoma. Mteja akikuta sentensi tatu zisizoeleweka atajiuliza kama duka lenyewe lipo kweli.

Na swali hilo, kama duka lipo kweli, ni kubwa kwetu kuliko wanavyodhani wanaonakili miongozo ya Ulaya. Hii ni nchi ambayo kila mwenye simu ameshapata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Watu wamejifunza kuogopa, na wako sahihi. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni iliyofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, iliwaruhusu wateja kulipa mzigo unapofika mlangoni, na watu waliipenda njia hiyo kwa sababu inaeleweka: nione kwanza. Tovuti ndogo isiyo na jina kubwa inapaswa kuijenga imani hiyo kwa vitu vinavyoonekana. Picha ya duka lenyewe, na kibao chake, ina thamani kuliko picha mia za kununua. Anwani iandikwe tunavyoelekezana, mtaa, kituo cha daladala, mkabala na nini, pamoja na alama ya ramani ya kubonyeza. Saa za kufungua ziwepo, ikiwemo Jumapili na sikukuu.

Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Kama tovuti inasema jina moja na simu inaonyesha jina jingine, la ndugu wa mwenye duka au la kampuni ya zamani, mteja anasitisha hapohapo. Hakikisha majina yanalingana, au andika wazi kwenye tovuti, pembeni ya namba yenyewe, jina litakalotokea.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kwa hiyo tuna wateja waliokulia kwenye malipo ya simu, wengi wao hawajawahi kushika kadi ya benki. Bado kuna tovuti zinazoweka kadi mbele na kuificha simu chini. Kwa biashara yenye oda nyingi, inafaa kuunganisha mfumo unaomrushia mteja ombi la malipo kwenye simu yake, akabaki na kazi ya kuweka namba ya siri tu. Kwa duka la oda chache kwa siku, Lipa Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kitufe cha WhatsApp vinatosha kabisa, na fundi anayesisitiza mfumo mkubwa aeleze utarudisha gharama zake kwa njia gani. Kitufe cha WhatsApp kinaweza kufunguka kikiwa na ujumbe tayari, "Habari, naulizia bati za msauzi geji 30 mita 3", mteja anajaza idadi na kutuma.

Kuhusu fomu, kuna kisa cha Marekani ambacho Jared Spool, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alikieleza mwaka 2009. Duka moja kubwa la mtandaoni, ambalo hakulitaja jina, lilikuwa linamlazimisha mnunuzi ajiandikishe kwanza ndipo alipe. Waliojenga walidhani wanamrahisishia safari ijayo. Wanunuzi wapya walikasirika, walikuja kununua na si kuanzisha uhusiano, na wale wa zamani hawakukumbuka nywila zao. Kitufe cha kujiandikisha kikaondolewa, kikawekwa cha "endelea" na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima. Waliokamilisha manunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na mauzo ya mwaka wa kwanza yakapanda kwa dola milioni 300. Kila kisanduku unachomwekea mteja ajaze kiwe na sababu unayoweza kumweleza usoni. Mama wa Chanika anahitaji kutoa jina, namba ya simu na mahali mzigo unakokwenda. Cheo chake hakikuhusu. Sheria nayo imeshaingia hapa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya 2019, zote zinataka ukusanye taarifa zinazohitajika kwa lengo lililotajwa, na uzitunze. Usichokikusanya hakiwezi kuvuja.

Wapo watakaosema haya yote ya nini, Instagram na WhatsApp zinatosha. Kwa kuanzia biashara zinatosha, sibishi, na mama lishe wa mtaani hahitaji tovuti. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na waliokuwa wameweka duka lote humo hawakuwa na mlango mwingine. Akaunti pia zinaibwa, zinafungiwa kwa makosa ya mashine, na anayekutafuta kwa jina la bidhaa kwenye Google hakupati kirahisi. Tovuti ndiyo sehemu pekee mtandaoni unayoweza kuiita yako.

Ila iwe yako kweli, na hapa nimeona watu wakiumia. Fundi anasajili jina la tovuti, lile la .co.tz au .co.ke, kwa jina lake na baruapepe yake. Miaka miwili inapita, fundi anahamia mji mwingine, hapokei simu, jina linaisha muda, na biashara inapoteza anwani iliyochapishwa kwenye magari, risiti na fulana. Kabla hujalipa hata senti, kubalianeni kwamba jina litasajiliwa kwa jina la biashara, kwa baruapepe unayoimiliki wewe, na kwamba utakabidhiwa nywila zote kwa maandishi. Cheti cha usalama, kile kinachoweka https mwanzoni mwa anwani, kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika waziwazi kwamba tovuti isiyokuwa nacho si salama. Fundi akikidai kama bidhaa ya anasa, muulize kwa nini. Jisajili pia kwenye ramani za Google kama biashara, ni bure, na kwa duka lenye mlango wa barabarani wateja wengi watakuona hapo kabla hawajaifikia tovuti.

Tovuti ikishakuwa tayari, usiipeleke kwa bodi kwanza. Jakob Nielsen, mmoja wa waliojenga taaluma hii, alionyesha mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakijaribu tovuti wanatosha kufichua matatizo yake mengi, karibu asilimia 85 kwa hesabu yake. Watano hao utawapata nje ya ofisi yako asubuhi moja: dereva wa bodaboda, fundi rangi, mwalimu, mama muuza genge, mwanafunzi. Watumie simu zao wenyewe na mtandao wao, na wewe uwarudishie bando. Wape kazi moja: tafuta bei ya bati geji 30, kisha wasiliana na duka. Kaa pembeni, funga mdomo. Usimwambie "bonyeza hapo", usimweleze ulichokusudia, hata akipotea dakika nzima. Andika mahali kidole kilipoenda kwanza, mahali aliposita, na neno alilouliza maana yake. Watatu wakikwama sehemu moja, sehemu hiyo inabadilishwa, hata kama aliyeichagua ni mkurugenzi. Kisha tafuta watano wengine.